Anayetoa Bure Asitukanwe

Pwani yetu ina ada moja ambayo hata mtoto mdogo anaifahamu. Mtu akichimba kisima akakiweka wakfu, kila apitaye huchota. Hatozwi senti, haulizwi kabila, wala haulizwi atoka mtaa gani. Nami katika umri wangu wote sijapata kumwona mtu akichota maji ya wakfu, akanywa akashiba, kisha akageuka kumtukana aliyechimba ati kamba ni fupi au ndoo imetoboka. Mtu wa adabu akiiona ndoo imetoboka humwendea msimamizi akamwambia kwa upole, "Bwana, ndoo yenu yavuja." Aliye muungwana zaidi huleta ndoo nyingine kutoka kwao.

Nimeyataja haya kwa sababu siku hizi kuna visima vya namna nyingine ambavyo sote twavinywea, wengi wetu bila ya kujua, na huko adabu imepungua mno. Visima hivyo ni programu za kompyuta ambazo huandikwa na watu, wengi wao wa kujitolea, zikatolewa bure kwa dunia nzima. Wataalamu huziita programu huria.

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata, yamewekwa wazi. Yeyote aweza kuyasoma, kuyanakili, kuyarekebisha na kumpa mwenziwe. Fikira hii ilipata nguvu mwaka 1983, pale Mmarekani Richard Stallman alipoutangaza mradi wake wa GNU. Mwaka 1991 kijana mmoja mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta na kuwaalika wenziwe wakitazame na kukikosoa. Kiini hicho ndicho Linux, na leo ndicho kilichomo ndani ya simu za Android ambazo wengi wetu twazitia mfukoni.

Huenda msomaji akasema, "Haya ni mambo ya Wazungu, sisi yatuhusu nini?" Namwomba afungue simu yake asome maneno ya Kiarabu. Kama tulivyofunzwa chuoni tungali wadogo, herufi za Kiarabu hazina umbo moja. "Ba" ya mwanzo wa neno haifanani na ya kati, wala ya kati haifanani na ya mwisho. Basi ni nani anayeziunganisha herufi hizo kwenye kioo cha simu hata zikasomeka? Katika simu nyingi kazi hiyo hufanywa na programu huria iitwayo HarfBuzz, ambayo kwa miaka mingi imesimamiwa na Behdad Esfahbod, mzaliwa wa Iran. Jina lenyewe ni la Kifarsi, na hiyo "harf" si nyingine bali ndiyo hii "herufi" yetu. Naye Khaled Hosny wa Misri amechora herufi ziitwazo Amiri kwa kufuata mtindo wa chapa ya Bulaq mjini Cairo ya mwanzoni mwa karne ya 20, akazitoa bure. Yeyote anayetaka kuchapa kitabu cha Kiarabu kwa herufi nzuri aweza kuzitumia bila ya kulipa chochote.

Kweli, wapo katika watu hawa wanaolipwa mshahara na makampuni. Lakini wengi hufanya kazi hiyo usiku baada ya kutoka kazini, au Jumamosi na Jumapili wenzao wakipumzika. Na wawe wanalipwa au hawalipwi, wewe na mimi hatujawapa hata shilingi moja.

MALIPO YAO

Sasa na tutazame wanalipwa nini na sisi tunaofaidika.

Yuko bwana mmoja wa Sweden, Daniel Stenberg, mwenye programu iitwayo curl ambayo toleo lake la kwanza kwa jina hilo lilitoka mwaka 1998. Kazi yake ni kuchukua na kupeleka habari katika mtandao. Imo katika simu, katika magari, katika televisheni, na kwa hesabu yake mwenyewe imewekwa mahali mabilioni kadha. Nchini kwake alitunukiwa Tuzo ya Polhem mwaka 2017, kwa hiyo huwezi kusema ni mtu asiyejulikana.

Mwezi wa Januari 2022 alipokea barua kutoka kwa kampuni moja kubwa sana. Ilimtaka ajibu maswali kadha wa kadha kuhusu usalama wa programu yake, na ilimpa muda wa saa 24. Kampuni ile haikuwa na mkataba naye, haikuwahi kumlipa, na hitilafu iliyoulizwa haikuihusu curl hata kidogo. Akawajibu kwamba atafurahi kuwajibu pindi watakapotia saini mkataba wa huduma. Mimi naona alijibu kiungwana kuliko walivyostahili.

Hitilafu yenyewe iliyoleta wasiwasi ule ilikuwa katika programu nyingine huria iitwayo Log4j, nayo ilitangazwa hadharani Desemba 2021. Walioiangalia programu hiyo walikuwa watu wa kujitolea. Walikesha siku nyingi wakiziba tundu lile, na huku wakikesha walikuwa wakilaumiwa na kudhihakiwa. Linalosikitisha zaidi ni kwamba sehemu ile iliyoleta balaa wao wenyewe hawakuipenda. Waliiacha pale kwa ajili ya watu waliokuwa wakiitegemea, wasije wakaharibikiwa na kazi zao. Yaani walilaumiwa kwa sababu ya hisani yao. Wazee walisema fadhila ya punda ni mateke, na hapa mateke yalirushwa kweli kweli.

Kabla ya hapo, Aprili 2014, dunia ilishtuliwa na tundu lililoitwa Heartbleed katika programu ya OpenSSL, ambayo hulinda siri zipitazo katika mtandao, kama vile nambari za benki na maneno ya siri. Watu walipiga kelele kuuliza ilikuwaje jambo zito kama lile likapitwa na macho. Ndipo ilipobainika kwamba programu ile, iliyotegemewa na makampuni matajiri kupita kiasi, ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeishughulikia kwa muda wake wote, na michango ya hisani iliyoingia ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Hizo hazitoshi hata kodi ya nyumba. Baada ya aibu ile ndipo makampuni makubwa yakachanga fedha.

LUGHA KALI NI MLANGO WA MWIZI

Huenda ukasema maneno makali hayavunji mfupa, na kwamba mtu mzima apaswa kuvumilia. Basi sikiliza kisa cha mwaka 2024.

Iko programu ndogo iitwayo xz, kazi yake kubana mafaili yachukue nafasi ndogo. Kwa miaka mingi iliangaliwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, bila ya malipo. Mwaka 2022 walitokea watu wakamwandamana kwa barua. Mbona unachelewa? Mbona hujatoa toleo jipya? Kama huwezi, mwachie mwingine! Naye alieleza kwa uwazi kwamba hajachoka na kazi ile, ila nguvu zake zimepungua kwa maradhi ya nafsi ya muda mrefu, akawakumbusha kwamba kazi yenyewe haina malipo. Hawakumhurumia. Waliendelea kumsukuma.

Pembeni alikuwako mtu mwingine, mpole, mwenye bidii, aliyejiita Jia Tan. Alikuwa amekuja tangu mwaka 2021 akisaidia hapa na pale. Mzee wa kazi, kwa kuelemewa, akampa nafasi zaidi na zaidi, hata ikafika hadi ya kutoa matoleo mapya mwenyewe. Kumbe yule mpole ndiye mwizi. Katika matoleo mawili ya mwanzoni mwa mwaka 2024 alitia ndani ya programu mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia katika kompyuta nyingi mno ulimwenguni. Waliochunguza mambo haya wanaamini kwamba wale waliokuwa wakitukana na kusukuma walikuwa majina ya bandia, walioletwa makusudi ili kumchosha mwenye kazi.

Mlango huo uligunduliwa mwishoni mwa Machi 2024 na Andres Freund, mtaalamu mmoja aliyeona kwamba kuingia katika kompyuta yake kulichelewa kwa kiasi cha nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Mwingine angepuuza. Yeye alichimba mpaka akaupata.

Nataka msomaji aitafakari hila ile. Mwizi alijua kwamba katika ulimwengu huo matusi yamekuwa jambo la kawaida, hata mtu akitukanwa hakuna wa kushtuka. Lau ingekuwa ada ya watu pale kumtetea mwenye kazi, kumwambia "pumzika ndugu yetu, tutakungoja," wale wasukumaji wangejulikana mara moja kuwa si watu wema. Walijificha ndani ya ukosefu wetu wa adabu kama mwizi anavyojificha ndani ya giza. Kwa hiyo mimi sikubali mtu aniambie kwamba heshima ni pambo tu. Heshima ni kufuli ya mlango.

HODI

Basi adabu yenyewe ni ipi? Sisi watu wa Pwani hatuna haja ya kufunzwa mbali. Tumelelewa kupiga hodi. Unapiga hodi mara tatu, ukikaribishwa unaingia, usipokaribishwa unarudi zako bila ya kinyongo. Hupigi mlango kwa mateke, wala huchungulii dirishani. Mwenye nyumba ana haki ya kutofungua, na haulizwi kwa nini.

Mwenye kutoa programu bure ana haki hiyo hiyo. Ukimwandikia leo asipojibu, huenda anauguza mtoto, huenda yuko kazini anakopata riziki yake, huenda kwao ni usiku wa manane. Ngoja wiki, kisha mkumbushe mara moja kwa upole. Usimwandikie kila siku, wala usiandike "haraka sana" juu ya barua yako. Haraka ni yako wewe, si yake.

Lakini liko jambo moja ambalo yatupasa tulijue. Sisi twaamini heshima ni salamu ndefu, hujambo, watoto hawajambo, za tangu juzi. Kule heshima kubwa ni kutompotezea mtu wakati wake. Salamu moja fupi yatosha. Kisha ueleze jambo lako kwa ukamilifu: unatumia toleo gani la programu, katika kompyuta ya namna gani, ulifanya nini, ulitarajia nini, na kulitokea nini. Maneno ya kosa yaliyojitokeza yanakili kama yalivyo, usiyasimulie kwa kukisia. Na kabla ya yote, soma maelezo yaliyowekwa, kisha utafute kama swali lako limekwisha kuulizwa na kujibiwa.

Mpwa wangu mmoja, anayesomea kompyuta, alikuwa na programu huria ya hesabu za duka iliyokuwa ikimgeuzia tarehe, siku ikawa mwezi na mwezi ukawa siku. Alinionyesha barua aliyokusudia kuipeleka. Ilikuwa na mstari mmoja: programu yenu mbovu, rekebisheni upesi. Nikamwuliza, "Fundi cherehani aliyekushonea kanzu bure ungemwambia hivyo?" Alicheka, akakaa chini akaiandika upya, akataja toleo, akaeleza aliyoyafanya, akamaliza kwa shukrani. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, kutoka kwa mtu asiyemjua katika nchi asiyopata kufika: badilisha mahali hapa katika mpangilio wa nchi. Tarehe zikakaa sawa. Akamrudishia habari kwamba imefaa, na hilo nalo ni jambo kubwa, kwani wengi wakishapata dawa hawarudi tena kusema ahsante. Nasi tumefundishwa tangu utotoni kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mola wake.

Siku hizi limezuka na udhia mpya. Watu huiamuru mitambo ya akili bandia iwatungie ripoti za makosa yasiyokuwepo, wakazipeleka kwa wenye programu kwa matumaini ya kupata zawadi au sifa. Stenberg huyo niliyemtaja alilalamika hadharani mwaka 2025 kwamba ripoti za namna hiyo zinawala muda wao bure. Kila moja ni lazima isomwe na mtu, kwani nani ajuaye, labda moja kati yao ni ya kweli. Anayepeleka jambo ambalo yeye mwenyewe hakulisoma wala hakulihakikisha, amemtwisha mwenziwe mzigo ambao yeye hakuubeba hata hatua moja.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Wapo watakaonijibu kwamba aliyeweka maji njiani amewajibika yawe safi, na kwamba kutoa bure si udhuru wa kutoa kibovu. Hoja hii nimeifikiria. Lakini programu hizi huja na hati ya ruhusa, na karibu zote husema waziwazi kwamba kitu kinatolewa kama kilivyo, bila ya dhamana. Anayetaka dhamana na ainunue, na wako wanaoiuza. Isitoshe, mimi sikusema makosa yasitajwe. Kutaja kosa kwa ufasaha ni msaada mkubwa; ndiyo ile ndoo iliyotoboka kuambiwa msimamizi. Ninachokataa ni kutaja kosa kwa matusi, na kudai kama mtu anayedai deni.

Nao wenye programu wasidhani kwamba adabu ni ya upande mmoja. Kwa miaka mingi Linus Torvalds alijulikana kwa ulimi wake mkali kwa waliomletea kazi yenye dosari. Mwezi wa Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akajiweka kando kwa muda ili ajirekebishe, na mradi wake ukaweka kanuni mpya za mwenendo. Mtu wa cheo chake kusema "nimewaumiza wenzangu" si jambo dogo. Mgeni anayeuliza swali la kitoto huenda kesho akawa msaidizi mkubwa. Ukimkaripia leo, umejikatia mkono ambao ungekusaidia kesho. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

NA SISI JE?

Baadhi ya wasomaji wataona kwamba nawasemea watu wa mbali. La hasha. Mwaka 2004, kwa kazi iliyofanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao, ilitolewa programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Hapa Kenya, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, mwaka 2008 ilizaliwa Ushahidi, programu ya kukusanya habari za mashahidi na kuziweka juu ya ramani. Iliachwa wazi watu wote waitumie, na tetemeko la Haiti la Januari 2010 lilipotokea ilitumika huko kuonyesha ni wapi watu wanahitaji msaada. Neno la Kiswahili lilifika Haiti kwa njia ya kazi ya bure. Kwa hiyo sisi si wachotaji tu. Tumekwisha kuchimba visima vyetu, na vijana wetu wanaendelea kuchimba vingine. Leo tukiyazoea matusi kwa kuwa yanamwangukia mtu wa Finland, kesho yatamwangukia mtoto wetu wa Lamu au wa Malindi.

Wala usiseme huna cha kutoa kwa kuwa si mtaalamu. Programu nyingi zinahitaji Kiswahili kizuri, na hicho Mwenyezi Mungu ametujaalia. Kutafsiri ukurasa mmoja wa maelezo ni mchango. Kumjibu mgeni swali ambalo wewe umekwisha kulipatia jawabu ni mchango, kwani umempunguzia mwenye kazi mzigo. Mwenye kipato na achange kidogo. Na mfanyabiashara ambaye duka lake zima laendeshwa kwa programu za bure, naona ni wajibu wake kuliko wetu sisi wengine, kwa maana yeye anapata faida.

Asiyeweza lolote katika hayo ana moja lisilomgharimu kitu, nalo ni kauli njema. Programu ya bure ikikushinda, kabla ya kuandika neno, mweke mwenyewe mbele yako, na ukumbuke kwamba ana jina, ana mama, ana uchovu wa siku nzima. Kisha ujiulize: maneno haya ningeweza kumwambia jirani yangu barazani, wazee wakiwa wamekaa wanasikia? Kama huwezi, basi yafute uandike mengine.